Nilimsugua Paka wa Mjane Meno Nikitafuta Dhahabu

Nilikosa, na nakubali. Kosa lenyewe limenishinda kulisema kanisani, kwa sababu najua mchungaji atacheka kabla sijafika katikati. Ndiyo maana naliandika hapa, ambapo hamnioni uso.

Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huku Macalder. Nina miaka arobaini na miwili na sina mke. Shimo tulikuwa tunachimba wawili, mimi na Otieno, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Tulichopata tuligawana nusu kwa nusu, na hatukuwahi kugombana.

Karibu na mtambo wa kusaga mawe kuna kibanda cha chai cha mjane mmoja. Tunamwita Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, kwa sababu alizaliwa kule kisiwani. Ana paka mzee anayeitwa Dani, maana yake nyanya. Dani hulala kutwa juu ya magunia ya mawe yaliyosagwa, na akiamka anajilamba lile vumbi lote.

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai, Dani akapiga mwayo mbele yangu. Jua likamwingia mdomoni. Meno yake yaling'aa njano.

Jamani, mtu akichimba miezi minne bila kupata kitu cha maana, akili inaanza kujitafutia njia. Nikawaza: paka analala juu ya vumbi lenye dhahabu, anajilamba, dhahabu inanasa kwenye meno. Niliona ni jambo la wazi kabisa. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyeliona kabla yangu.

Nikamwambia Nyar Rusinga, "Huyu paka wako ananuka mdomo. Nimesoma kwenye simu kwamba paka anafaa kusuguliwa meno. Nikusaidie?"

Hapo sikudanganya kwa yote. Nilikuwa nimesoma kweli. Nilijua hata kwamba dawa ya meno ya watu inamdhuru paka, kwa hiyo unatumia maji matupu na mswaki wa mtoto, na unamzoesha kwanza kwa kidole. Uongo ulikuwa kwenye sababu.

Aliweka birika chini. "Tangu mume wangu afe, hakuna mtu ameniuliza hata kama nimekula," akasema. "Na wewe unauliza meno ya paka."

Siku ya kwanza Dani aliniuma kidole. Siku ya tatu akanikwaruza shingo. Wiki ya pili akazoea, tukawa tunamfunga taulo, Nyar Rusinga anashika kichwa, mimi nasugua juu ya karai. Nikimaliza, maji yale nayamimina kwenye chupa ya soda, naenda kuificha chini ya kitanda. Nikiitikisa naona unjano unatua chini taratibu.

Habari zikaenea. Wamama wawili waliokuja kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sori waliniletea paka wao ndani ya kikapu. Sori ni kwa wavuvi, dhahabu hakuna, lakini ningekataa vipi bila siri yangu kujulikana? Nikawasugua paka wote wawili.

Chai yangu ilianza kuja na maziwa, halafu na mandazi. Nyar Rusinga alikuwa akinisimulia mambo ya kisiwani kwao huku ameshika kichwa cha paka. Na nikiri jambo lingine: kufikia wiki ya tatu kuna asubuhi nilimwaga yale maji nyuma ya kibanda bila hata kukumbuka chupa, kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

Kisha Otieno akaja kwangu kuchukua sururu, akaiona ile chupa. Akaiinua kwenye mwanga, akauona ule unjano.

"Omera, ndugu yangu, hii ni nini?"

"Ni maji ya meno."

"Meno ya nani?"

"Ya Dani."

"Paka?"

"Paka."

Alikaa kitandani polepole. "Miaka yote hii tunachimba pamoja," akasema. "Ukitaka kuniibia, niibie. Lakini usinitukane."

Akaipeleka chupa kwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wachimbaji. Mchana huo huo watu wakakusanyika mbele ya mtambo, na mimi nikasimamishwa nijieleze. Nilieleza yote. Mwenyekiti akaniomba nirudie ile sehemu ya mwayo. Nikairudia.

Yeye mwenyewe alichukua karai, akamimina chupa, akaanza kuchekecha kama tunavyochekecha mchanga wa dhahabu, watu wote wameinama. Kilichobaki ni ukoga wa meno, nywele, na kichwa kimoja cha omena.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Otieno peke yake hakucheka. "Hakuna mtu mjinga namna hiyo," akasema. "Amebadilisha chupa." Siku iliyofuata alihamia shimo lingine, na mpaka leo anaamini nina dhahabu nimeificha mahali.

Lakini aliyeniumiza zaidi alikuwa amesimama nyuma ya umati, paka mkononi. Nyar Rusinga alikuwa amesikia kila neno. Nilimfuata mpaka kibandani.

"Kwa hivyo ulikuwa unachimba mdomo wa paka wangu," akasema.

"Mwanzoni," nikamjibu. "Mwanzoni tu, naapa."

"Na mimi nilikuwa nashika kichwa." Akauchukua ule mswaki mezani, akautia mfukoni mwa aproni yake. "Nilikuwa nimemwambia dada yangu habari zako. Alitaka kuja kutoka Rusinga akuone."

Nikaondoka. Bado ananiuzia chai, ya rangi, na ananiita kastoma. Dani anasuguliwa meno kila asubuhi, ila sasa anayesugua ni kijana wa mtambo, na naambiwa hana mkono mzuri.

Basi wewe unayesoma, hasa mwanaume wa umri wangu, usikilize. Kama kuna mtu amekuamini kwa jambo dogo, mwambie ukweli wako mapema, hata kama ni wa kijinga, kabla hajaanza kukupenda kwa uongo. Na ukiwahi kumsugua paka wa mtu meno, hakikisha ni meno unayosugua.