Wanaoitaka Ngitili Yetu Waje Kiangazi

Nakumbuka masika moja, mwanangu, nikiwa bado kijana wa kuchunga. Alikuja kwetu mtu wa upande wa Maswa, amevaa koti, koti kwenye joto lile, akaanza kuisifu ngitili yetu, lile eneo tunalolifunga mvua zikianza ili majani yakue, ng'ombe wayale kiangazi. Eti anataka kututunzia tu. Baba alikaribia kukubali. Alipenda sana kusifiwa, Mungu amrehemu. Bibi yangu, akipepeta mtama, akamwuliza, "Kiangazi tukifungua, wataingia ng'ombe wa nani?" Yule mtu akacheka, akaomba maji, akanywa, akaaga. Hakurudi.

Sasa juzi wamekuja hawa wa hewa ukaa. Msemaji wao kijana mpole, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, guku," akiniita babu kama mjukuu wangu. Nikampenda, na hapo hapo nikaanza kumwogopa. Akasema tuifunge ngitili miaka yote, miti ivute uchafu wa hewa, na viwanda vya mbali vitatulipa. Sibishi kwamba tabianchi imeharibika. Mwaka jana pamba yangu ilikauka nikiitazama. Lakini nikamwuliza swali la bibi.

"Hakuna ng'ombe atakayeingia, guku. Ndiyo kutunza kwenyewe."

"Na hivyo viwanda, navyo vitafungwa?"

Akatazama viatu vyake. "Hilo sijaambiwa."

Jirani yangu Ng'wandu, asiyejua kunyamaza, akadakia: "Kumbe ng'ombe wangu wafunge Ramadhani kwa niaba ya viwanda!" Tulicheka, hata yule kijana. Lakini kicheko hakishibishi ndama.

Jumamosi ni mkutano wa kijiji, na ninyi vijana ndio wengi wa kunyoosha mikono. Mwanangu, usimkatae mtu kwa sababu ana gari, wala usimkubali kwa sababu ana upole. Masika kila kitu ni kijani, hata maneno. Waambieni warudi kiangazi, wakati ng'ombe akilala kwa njaa hainuki mpaka ashikwe mkia. Watusaidie kumwinua, mikono yao ichafuke, kisha wayarudie palepale maneno yale. Wakiyasema bila kumeza mate, tukae tuwasikilize. Wasiporudi, nao watakuwa wametujibu.

Mungu akupe mvua ya kutosha na macho ya bibi yangu. Na siku ya kufungua ngitili, uwe wewe unayetangulia, ng'ombe wako wakikufuata nyuma.