Muuza Udi Aozeshe

Wenzangu wa Makorora wenye biashara ndogondogo hunijia siku hizi kuniuliza namna ya kujitangaza mtandaoni. Mpika visheti amekuja, fundi wa kanzu amekuja, hata dada mmoja anayeuza iliki na mdalasini kutoka Amani. Huwapa kiti cha plastiki, huvaa miwani yangu na kuanza kueleza kwa sauti ya mtu aliyesoma sana. Ninachowaficha ni kwamba elimu hiyo niliipata kwa kukaribia kuvunja harusi ya watu.

Mimi napika udi. Unga wa udi, sukari, marashi na uturi, nakoroga jikoni mpaka vishikane, kisha nakata vipande na kuvitia kwenye makopo. Miaka yote wateja wangu walinifuata kwa pua. Mtu alipita uchochoroni, akasikia harufu, akabisha hodi. Sikuwa na kibao mlangoni, na nilijivunia kutokuwa nacho.

Kisha ikaja semina ya siku moja ya wajasiriamali. Nilikwenda kwa sababu ya chakula cha mchana, sitaki kudanganya. Mwezeshaji, mwanamama mwenye sauti tulivu, alituambia tuandike mahali tulipo, tuweke bei, tujibu ujumbe wa wateja siku hiyohiyo, na tuonyeshe kazi tulizowafanyia wateja halisi, kwa jina na tarehe, kwa idhini yao. Niliyaandika yote kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Niliporudi nyumbani nikafungua ukurasa, nikaanza kuyafanya yale niliyoyapenda tu.

Bei sikuiweka, nikiogopa vijicho. Na kusema kweli nilizoea kumtazama mteja kwanza, viatu na mkoba, ndipo nitaje. Mahali niliandika, "Tanga, palepale." Kila anayenijua anajua palepale ni wapi, na asiyenijua nilidhani atauliza. Picha ndiyo ilinitoa jasho, kwa kuwa harufu haipigwi picha. Nikaona bora nirekodi moshi. Nilijaza mkaa kwenye chetezo, nikatupia udi wa kutosha msiba mzima, nikarekodi sebule yote ikiwa nyeupe. Wa kwanza kupiga simu alikuwa binamu yangu wa Korogwe, akiuliza kama tumefanikiwa kuokoa kabati.

Baada ya miezi minne nilikuwa na wafuasi thelathini na kitu, nusu yao ndugu. Nilijiona mtu wa mtandao. Kila asubuhi nilihesabu mioyo waliyonibonyezea kabla sijahesabu makopo.

Ndipo jirani yangu wa mtaa wa pili akaja kuagiza udi wa harusi ya bintiye. Ni mjane. Mumewe alimwachia binti huyo mmoja, na walii wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mzee mmoja anayeishi Mabawa. Posa mzee alikwisha kuipokea. Ilibaki tarehe.

Hapo lazima nieleze mambo yetu. Tarehe ya harusi hupangwa na wanawake, jikoni. Wanatazama mwezi, wanatazama siku za mwari, wanatazama shangazi yupi yuko safarini, na wakishakubaliana wanaagiza udi, maana udi mzuri hutaka kukaa. Kisha wanaipeleka kwa mzee kama swali: baba, unaonaje, lini itafaa? Katika mazungumzo wanaidondosha ile siku mara mbili tatu. Mzee anakaa kimya, anafikiri, halafu anaitaja kama vile imemjia mwenyewe. Wanawake wanashukuru kwa hekima yake. Kila mtu anajua, mzee mwenyewe anajua, na hakuna anayesema.

Nami nilijua. Nimezaliwa humu humu. Nimekula biriani ya harusi nyingi zilizopangwa namna hiyo, na baadhi ya tarehe nilizipanga mimi. Lakini nilipoyaona yale makopo yamejipanga, yenye utepe wa dhahabu, kichwa kikanivimba. Nikayapiga picha, nikaandika chini yake udi ni wa nani, wa ukoo gani, wa harusi ya siku gani. Idhini ya mwenye harusi sikuiomba. Nilipata mioyo kumi na moja kabla ya adhuhuri, nikanywa chai nimekunja nne.

Kesho yake jirani akaja. Hakukaa kwenye kiti.

"Dada, umeweka nini kwenye simu?"

Nikamwonyesha, bado nikitabasamu.

"Shemeji ameiona," akasema. "Mjumbe tuliyemtuma kwenda kumuuliza tarehe amerudishwa mlangoni. Amesema kama tarehe imeshatangazwa na muuza udi, basi muuza udi aozeshe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni utani. Yeye akaanza kulia, na hapo nikaelewa. Bila mzee yule hakuna ndoa. Binti alikuwa ndani wiki ya pili, anasingwa, ngozi imeanza kung'aa, na mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa kidole kimoja. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilifuta picha, kana kwamba kuifuta kungeingia kichwani mwa mzee na kuitoa.

Nikajifunga kanga mbili na kwenda Mabawa mwenyewe. Njia nzima nilitunga maneno ya kuomba radhi, mazuri kweli, yenye heshima na dua ndani yake. Mzee alikuwa barazani na simu yake mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu. Wewe ndiye shehe?"

Maneno yote yakanitoka. Nikabaki kusema nisamehe, baba, nimekosa, nimekosa. Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akanigeuzia simu.

"Soma," akasema.

Ulikuwa ukurasa wangu. Mzee yule alikuwa mfuasi wangu, mmoja wa wale thelathini, na picha yake ni ua la waridi, ndiyo maana sikumjua. Lakini hakutaka nisome ukurasa. Alitaka nisome ujumbe alionitumia, ule wa sirini ambao mimi sikuwahi hata kujua unafunguliwa wapi. Ulikuwa wa miezi mitatu nyuma.

"Assalamu alaykum. Mke wangu alikuwa akinunua udi kwako, akifukiza Alhamisi jioni. Amefariki. Kopo lake limekwisha na mimi sikuwahi kuja huko. Palepale ni wapi?"

Chini yake kulikuwa na mwingine: "Bei gani?" Na wa tatu: "Bado unapika?"

"Mara tatu," akasema mzee, wala hakupandisha sauti. "Nikasema huenda mama wa watu hana nafasi ya kushika simu. Kisha naamka naona una nafasi ya kutangaza harusi ya mwanangu."

Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika.

"Nenda kaniletee udi wa mke wangu," akasema. "Tarehe tutaongea baadaye."

Nilirudi nikakaa jikoni siku mbili. Mke wake nilimkumbuka vizuri, mwanamke mrefu, mpole, asiyebishana bei. Udi wake sikuukumbuka. Alikuwa akiniambia nipunguze kitu fulani na niongeze kingine, nami nilifanya kwa mkono bila kuandika. Daftari langu lilikuwa limejaa habari za wafuasi, na halikuwa na mstari mmoja kuhusu kile ambacho mteja wa miaka mingi alipenda. Nilipika mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mkali, wa pili ukaungua. Wa tatu nilipunguza miski nikaongeza marashi, nikaunusa mpaka pua ikagoma. Jirani alikuja kila baada ya saa kuuliza, na kila alipouliza nilimwambia bado kidogo, kana kwamba najua ninachokifanya.

Alhamisi alasiri nikaupeleka. Nilibeba na chetezo changu na mkaa uliokwisha kushika, maana sikuwa na hakika kama mjane mwanamume ana hata koleo. Tuliingia sebuleni. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, vimenyooshwa sawasawa, na chumba hakikuwa na harufu yoyote. Mzee akakaa. Nikaweka kipande kimoja juu ya kaa, moshi ukapanda taratibu. Nilisimama mikono nimeikumbatia tumboni, nikifikiria yule binti aliyewekwa ndani kwao.

Mzee akafumba macho. Alivuta pumzi mara moja, akangoja, akavuta tena.

"Siyo wenyewe," akasema.

Nikainama ninyanyue chetezo, nikinong'ona kwamba nitapika mwingine, nitajaribu tena kesho, nipewe kesho tu.

"Acha," akasema, macho bado kayafumba. "Acha uwake."

Nikarudisha chetezo chini. Tulikaa hivyo mpaka kile kipande kikageuka jivu. Niliponyanyuka kuaga akanifuata mpaka mlangoni.

"Waambie wanawake," akasema, "kwamba nimefikiri sana, na tarehe nimeiona." Akaitaja. Ilikuwa ileile.