Vipimo vya Bibi Harusi

Saa nne asubuhi cherehani ya mama fundi waliyembandika jina la Futi Kamba ilinyamaza, na mtaa mzima ukasikia. Walikuwa wameizoea kama watu wanavyozoea mvua juu ya bati. Muuza mkaa wa jirani alichungulia, akitaka kumtania kwamba pedali imeomba likizo, akamkuta amekaa na mkasi mkononi, kitambaa cheupe magotini, macho kwenye kipande cha karatasi. Akarudi kwenye magunia yake.

Karatasi ile aliileta wifi yake juzi. Alisema kuna binti wa jirani yake anaolewa Jumamosi, ana haya, hataki kuja kupimwa, basi ashonewe kwa vipimo hivyo tu. Mazoea yana taabu: kila nguo ya ukoo ule ilishonwa kwenye kibanda hiki, na wifi hakuwahi kufikiria fundi mwingine. Futi Kamba alitupia jicho mstari wa juu, akakata mikono ya gauni. Leo ndipo alipoteremka kwenye mistari iliyobaki.

Mafundi wenzake huanza na kifua. Yeye huanza na kifundo cha mkono, kisha mabega, mgongo, na kiuno mwisho kabisa, kwa kuwa wateja wake wa kwanza walikuwa watoto, na mtoto akitekenywa kiunoni hatulii tena. Mpangilio huo hakumfundisha mtu ila bintiye. Karatasi ilianza na kifundo cha mkono. Mabega yaliandikwa mbalimbali, la kushoto limeshuka nusu inchi, kama la bintiye tangu alipoteguka akiwa mdogo. Chini kabisa: kiuno, inchi thelathini na nne.

Mwezi wa nne mwaka huu, alipomshonea sare ya kidato cha tatu, kiuno hicho kilikuwa ishirini na sita.

Bintiye alikuwa na miaka kumi na sita. Kwa miezi mitatu alikuwa akiishi kwa shangazi yake, wifi huyohuyo, baba mtu akidai huko kuna shule nzuri zaidi. Mama alihesabu miezi kwa vidole, akakosea, akahesabu tena. Na mikono ya gauni alishaikata, vizuri, huku akiimba.

Jioni wifi alipokuja kuulizia gauni na kukuta karatasi imetandazwa mezani, hakuficha tena. Alieleza kuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, rafiki wa kaka yake, baba wa binti, amekiri mimba ni yake na yuko tayari kuoa. Kuwa baba ameshatia sahihi fomu ya idhini ya ndoa. Kuwa umebaki mstari wa mama tu, na fomu anayo mkobani. Walikusudia kumwambia Ijumaa, ili asiumie muda mrefu.

"Wifi yangu," alisema, "maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki. Ila mtungi ni wangu."

Mama akatundika futi kamba shingoni, akasema bibi harusi hashonewi bila kupimwa na fundi, wakaongozana hadi kwa wifi.

Binti alikuwa chumba cha uani, akikunja nguo za watoto wa shangazi. Alipomwona mama hakulia. Alinyoosha mkono, kifundo juu, kama alivyozoea tangu utotoni. Mama akapima.

"Hivi vipimo uliandika wewe?"

"Shangazi aliniambia niandike. Nilijua vitafika kwako, nikaandika kama unavyopima wewe. Ili ujue ni mimi."

"Unamtaka mtu huyu?"

"Namwogopa, mama."

Pale mlangoni shangazi alisimama na mkoba wake wenye fomu. Mama alibeba begi la mwanawe, mwanawe akabeba daftari zake, wakatoka. Mstari wa pili wa fomu ulibaki mtupu.

Baba mtu alifoka wiki mbili, kisha akahamia kwa dada yake. Mwenye duka alipoitwa kituo cha polisi, alifunga duka na kutoweka.

Binti sasa ana miaka kumi na minane. Yuko kidato cha nne, shule ya kutwa, na mtoto wake hushinda kibandani, chini ya meza ya kukatia.