Kiti cha Nyuma

Nilipopewa kazi ya kuzungukia wakunga wenzangu wa vituo vya afya vya mashambani, ilibidi nitafute pikipiki yangu mwenyewe. Vituo vingine viko njia ya Tunda, kwenye mchanga. Vingine viko ng'ambo ya mto, njia ya Kampene, kwenye matope na vilima. Nilitaka chombo kimoja cha njia zote hizo, kinachoweza kuingia kwenye mtumbwi, kinachoweza kunibeba mimi, mume wangu na sanduku la dawa, na kisichonitia aibu mjini Kindu siku ya Ijumaa.

Mfanyabiashara mmoja karibu na soko alikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya bluu, tangi kubwa, tairi zenye meno, na inawaka kwa kubonyeza tu. Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi, ya kupiga teke ndipo iwake, na kiti chake kilikuwa kirefu na bapa. Mume wangu hakuhitaji hata kuzijaribu.

"Ile murefu," alisema. "Hii ingine iko ya kuzungukia mu soko tu."

Mume wangu alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya treni, na akizungumza juu ya injini mimi husikiliza. Siku hiyo nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri karibu mwezi mzima. Kila asubuhi aliniuliza akinywa chai, mpaka akaacha kuuliza.

Sikuwa nabishana naye juu ya injini. Nilikuwa nakumbuka pikipiki tuliyokuwa nayo wakati wa vita.

Wakati ule tulikimbilia kwa wakwe zangu, kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kindu. Wenye silaha walikuwa wanachukua kila pikipiki waliyoiona. Mume wangu aliifungua yetu yote mchana mmoja. Injini aliifunga ndani ya gunia akaizika jikoni, chini ya kuni. Magurudumu aliyaweka kwa dada yake, nyumba ya jirani. Fremu ilibaki uani, nami nikawa naanika nguo juu yake. Walipokuja kuuliza, waliipita mara mbili wasiitambue.

Treni haikuwa inafika tena. Chumvi ilikuja kwa baiskeli, na wagonjwa vilevile. Asubuhi moja wanaume wawili walisukuma baiskeli hadi mlangoni kwetu. Juu yake aliketi mwanamke, dada ya mmoja wao, amefungwa kwa kitenge asianguke. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu juzi. Nilimlaza kwenye mkeka nikampima. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mama alihitaji kupasuliwa, na wa kupasua walikuwa hospitali ya mjini.

Nilimwangalia mume wangu. Yeye alikuwa anaangalia zile kuni.

"Hata nikiiunga, watatukamata nayo mu njia," alisema kwa sauti ndogo.

Niliwaambia wale wanaume twende na baiskeli yao.

Tulimsukuma kwa zamu. Kila tulipoangukia shimo, aliuma ncha ya kitenge chake. Tulifika hospitali jua likiwa limeshapinduka, wakampasua. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekufa. Kaka ya yule mwanamke alinishukuru mara nyingi, na kila aliposhukuru nilitazama pembeni. Njia nzima hatukuwa tumekutana na mtu hata mmoja mwenye bunduki.

Mimi na mume wangu hatukulizungumza jambo hilo. Vita vilipotulia aliiunga ile pikipiki, ikawaka, naye akaiuza.

Basi mwisho wa ule mwezi nilirudi kwa mfanyabiashara peke yangu. Nilimwomba aendeshe yeye, mimi nikae nyuma.

"Mama, si weye njo utakuwa unaendesha?"

"Njo mimi. Lakini nataka kujua muntu wa nyuma anasikia nini."

Hakuelewa, lakini alinizungusha. Kwenye ile ndefu nilipanda kwa shida, na pa kukanyagia palikuwa juu sana, magoti yakanisogelea tumboni. Kwenye ile fupi niliketi kama kwenye benchi, na mgongo wa dereva ulikuwa karibu, pa kuegemea. Nilinunua fupi.

Mume wangu aliizunguka mara moja pale uani.

"Hii haina nguvu ya Kampene."

"Najua."

"Sasa uliinunulia nini?"

Nilimwambia kwamba nilikaa kiti cha nyuma, na nilipokaa pale nilimfikiria yule mwanamke wa baiskeli. Alichukua spana, akalegeza boliti moja ya kiti, akaikaza tena.

"Ningeiunga kwa masaa matatu," alisema. "Matatu tu. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Sikukuomba."

Kesho yake alichomelea chuma cha kubebea mizigo na mahali pa kufungia dumu la esansi, petroli ya akiba, akakipima, akaona bado, akakichomelea upya.

Safari ya kwanza tulikwenda Kampene, mimi nikiendesha. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kilima kimoja tulizama hadi kwenye injini. Wachimba dhahabu wawili walitupita kwa pikipiki ndefu, wakatumwagia matope. Mume wangu alishuka, akavua viatu, akakunja suruali.

"Ile murefu ingepita," alisema.

"Ingepita."

Tukasukuma. Tulifika siku ya pili, mchana, tumechafuka hadi usoni. Mkunga wa kituo alituletea ndoo ya maji kabla hata ya kutusalimia. Ndani walikuwa wanawake wanne wajawazito wanangoja. Nilinawa mikono nikaingia.