Kabla ya Kumkaanga Mtu, Piga Hodi Kwake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka huona haya, ingawa wengi wa waliokuwapo wameshatangulia mbele ya haki na hakuna aliyebaki wa kunicheka. Juzi ulikuja mbio na habari zako: umepewa kipindi cha vichekesho cha redio, kwa kuwa bwana aliyekuwa akikiendesha anaondoka. Nikakupa hongera, kisha nikanyamaza, nawe ukadhani uzee umenizidi. Sivyo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Basi kaa, na hiyo simu iweke chini kidogo.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Changamwe, kwenye mtaa uliopanda mteremkoni kutoka barabarani. Waingereza walikuwa wangalipo, lakini kila mtu alijua kwamba wanafunga mizigo. Mimi nilikuwa karani wa ghala bandarini, kijana wa suruali iliyonyooka kwa pasi na mdomo usionyooka. Mtaa ulikuwa na klabu ya mpira, na klabu ilikuwa na ukumbi wa mabati. Kila Jumamosi baada ya Isha, ukumbi huo ulikuwa na mchezo ulioitwa Kikaango.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja. Alisimama mbele ya kipaza sauti, amevaa kofia ya kizungu iliyobonyea, ameshika gazeti juu chini, akasoma "habari" za mtaa kama wasomaji wa redio. Karani wa kodi alikaangwa. Msimamizi wa bandarini alikaangwa. Tajiri aliyepaka nyumba chokaa upande wa barabarani tu, nyuma akaacha udongo, huyo alikaangwa wiki mbili mfululizo. Hata mabwana wa siasa, waliokuja kutuahidi kila kitu isipokuwa mvua, hawakusalimika.

Mkaangaji alikuwa Mwinyi Kombo, fundi cherehani, mtu mwembamba wa sauti ya pole. Ajabu yake ni kwamba waliokaangwa walikuja wenyewe, wakakaa safu ya mbele, wakacheka kabla ya wengine. Nilikuwa nikiliona jambo hilo kila wiki na sikujiuliza hata mara moja linatokea wapi.

Basi ndugu yake mkubwa akafariki huko Lamu, akaacha watoto wadogo, na Mwinyi Kombo ikambidi arudi kwao awalee. Kamati ya klabu ikaketi kumtafuta wa kushika nafasi yake. Wakanichagua mimi, kwa sababu niliweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, hata sauti ya mwenyekiti wa kamati, ambayo niliiigiza palepale mbele yake. Wallahi, siku hiyo nilirudi nyumbani nikiona mtaa mzima ni mdogo.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Mwinyi aliniita kibarazani kwake. Alikuwa akimalizia kanzu ya mtu, na aliongea huku akishona.

"Gazeti nakuachia, na kofia nakuachia," akasema. "Limebaki jambo moja. Kila Ijumaa baada ya alasiri, nenda kwa huyo utakayemkaanga kesho yake. Piga hodi, kaa nae, mwambie kwa kinywa chako utakalolisema."

"Nikaombe ruhusa, Mwinyi?"

"Ruhusa huombi. Akikataa, nawe umeona ni kweli, utalisema vile vile. Lakini ni haki yake alisikie kwako kwanza. Na weye ni haki yako usikie jibu lake kabla vicheko vya watu havijakulevya."

Nikaitikia "Inshallah" ya kumridhisha mkubwa. Moyoni nilisema mzee huyu ni mwoga. Uhuru huo unakuja, mimi nikapige hodi kwa karani wa kodi na kunywa kahawa yake ndipo nimseme? Nilimwona Mwinyi kama mtu wa zamani anayebembeleza. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mwanangu, guu lililovunjika siku ile halikuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma.

Wiki ya kwanza nilipigiwa makofi. Ya pili watu walijaa hadi madirishani. Unajua tena, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya tatu nikawa sina habari yoyote mkononi, kwa kuwa sikuwa nikitembea kwa watu. Nikatafuta cha karibu, nikamkuta Mzee Chengo.

Mzee Chengo alikuwa mlinzi wa bomba la maji la mtaa, lile la chini kando ya barabara. Mtu wa Kaloleni, mpole, hana mke mjini, amepanga chumba kimoja. Ufunguo wa bomba alikuwa nao yeye. Kila alasiri, saa ambayo kina mama wamejipanga na madebe yao, alilifunga bomba, akageuza debe tupu, akalikalia, akainamisha kichwa. Saa nzima hafungui. Wanawake wa chini walimlalamikia, yeye akawajibu tu, "Ngojani kidogo." Hakueleza sababu.

Jumamosi hiyo nikashika gazeti juu chini, nikasoma: "Habari za maji. Wakaazi wa Changamwe mnaarifiwa kwamba kuanzia alasiri maji yenu yote yamo tumboni mwa Mzee Chengo, yamelala. Tafadhali msiyaamshe." Kisha nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti nikakoroma. Nikakoroma kwa muda mrefu, kwa sauti za namna namna. Watu walianguka vitini. Mzee Chengo hakuwa ukumbini, na sikumtafuta.

Jumapili watoto waliopita bombani walikuwa wakimkoromea. Jumatatu jambo likawa kubwa. Miongoni mwa waliocheka alikuwamo karani wa ofisi ya maji, naye akamsimulia bwana wake mkubwa kile kichekesho. Bwana akaja na gari lake alasiri, akakuta bomba limefungwa na Mzee Chengo amekalia debe lake. Sheria ya ofisi ilikuwa bomba liwe wazi hadi magharibi. Ufunguo ukachukuliwa palepale, na kazi ikaishia hapo. Niliambiwa habari hiyo nikiwa kazini, na sitakuficha: nilijiona shujaa. Nilidhani nimewatetea kina mama.

Jumanne jioni nilirudi nyumbani nimechoka, nataka kuoga. Sisi tulikaa juu kabisa ya mteremko, ambako kulikuwa na bomba jingine dogo la watu wa juu. Mamangu nilimkuta mlangoni, ndoo tupu miguuni.

"Yeo watu wa juu hatuna maji," akasema.

"Yamekatika?"

"Hayakukatika. Tini kule barabarani yako tele, yamwaika ovyo. Huku hayapandi mpaka lile la tini lifungwe. Ndivyo yalivyo tangu mabomba haya yatiwe. Mzee Chengo ndiye aliyekuwa akitufungia kila alasiri, tukapata saa moja ya kujaza vyombo. Weye umeoga kwa maji gani siku zote hizi?"

Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema wanawake wa juu walilifanya siri, kwa kuwa Mzee alikuwa akivunja sheria ya ofisi kwa ajili yao. Wa chini wangejua, yupo mmoja angemshtaki. Naye alikubali kuitwa mvivu, ilimradi vizee wa juu wasiteremke mlima na ndoo kichwani. Mamangu hakunipigia kelele. Alichukua ile ndoo, akateremka nayo, nami nikamfuata nyuma nikimwomba anipe niibebe, akakataa hadi bombani na kurudi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole nimejikwaa mara nyingi na nimepona.

Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya maji. Nilieleza yote: mteremko, bomba la juu, saa ya alasiri. Nilieleza vizuri, kwa maana maneno hayakuwahi kunipungua. Bwana mkubwa alisikiliza, akasema kitu kwa Kiingereza, na karani wake, yule yule aliyecheka ukumbini, akanigeukia.

"Bwana anauliza, si wewe uliyetuambia kwamba analala?"

Nikatoka. Mtaa mzima ulikuwa umesadiki sauti yangu nilipokuwa nikitania, na nilipokuja kusema kweli hapakuwa na wa kunisadiki. Majuto ni mjukuu, mwanangu, huja baadaye.

Ijumaa baada ya alasiri nikaenda chumbani kwa Mzee Chengo. Kila hatua nilitamani kurudi. Ijumaa ya kumpigia hodi ilikuwa ile ya nyuma, na mimi niliitumia kujitazama kwenye kioo nikijaribu kofia. Nilimkuta anafunga godoro lake kwa kamba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, keti hapo kitandani, kiti nimeshauza."

Nikaketi. Nikamwomba radhi, na machozi yakanitoka, mtu mzima na masharubu yangu. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, bila hasira:

"Ungekuja kabla, ningekupa kichekesho kizuri kuliko hicho. Hukuwaona waliotutilia bomba jembamba mfano wa utumbo wa kuku, kisha wakalitaka linyweshe mlima mzima? Wakaandika na sheria, wakasahau kuyaandikia maji barua yapande. Hao ndio wa kukaangwa. Mimi nilikuwa mlinzi tu."

Nikacheka, mwanangu, katikati ya machozi. Naye akacheka. Nikamwomba nikiseme hicho kesho yake, na aje akae mbele. Akaniruhusu kukisema. Kuja hakuja, kwa sababu Jumamosi asubuhi alipanda basi na godoro lake kurudi kwao.

Usiku huo nilianza kwa kujikaanga mimi mwenyewe. Nilisimulia habari ya mamangu na ndoo, nikaeleza Mzee Chengo alikuwa akifanya nini, kisha nikatoa kichekesho chake na kusema ni chake. Ukumbi ulicheka kuliko wiki ile ya kukoroma. Ofisi haikumrudishia kazi. Wanawake wa juu na wa chini walikaa wakapatana saa ya kulifunga bomba, na mlinzi mpya akawa hana budi kuwafuata. Mimi niliuliza habari za Mzee Chengo kila nilipokutana na mtu wa Kaloleni, hadi nikaambiwa amefariki.

Niliendesha Kikaango hadi bendera ilipobadilishwa na kidogo baadaye. Sikukosa Ijumaa hata moja. Wengine walinipa kahawa, wengine walinifukuza, na wengine nilipotoka kwao nilikuwa nimegundua kwamba ninayestahili kumkaanga ni mtu mwingine kabisa. Wakubwa wapya wa baada ya uhuru ndio waliokuwa wagumu kupatikana nyumbani Ijumaa, lakini hayo ni ya siku nyingine na mguu wangu unauma.

Sasa nasaha yangu ni hii. Unaposhika nafasi ya mtu, usishike vile vinavyoonekana tu. Kofia ya Mwinyi Kombo ilinikaa vizuri sana kichwani, na kazi yake sikuwa nimeianza. Muulize huyo bwana anayeondoka ni nini alichokuwa akikifanya wakati watu hawamtazami, na akikujibu, usimwone mwoga. Usimseme mtu ambaye hujathubutu kumwangalia usoni. Ukiona mnyonge ana kosa, tazama kwanza nani amemweka hapo, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kicheko cha kweli aghalabu kiko mvunguni. Ukikosea, ukirudi kusema kweli, iseme kwa sauti ile ile uliyotania nayo, wala usingoje ikuletee thawabu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mkali na moyo usio mkali, akupe miguu ya kufika kwa watu. Na kila utakapowachekesha, ajaalie yule uliyemtaja awe amekaa mbele yako, naye acheke. Amin.