Siku Mgomba Uliponisemea kwa Mama Mkwe

Nikipita soko la Myanga hata leo, wapo watu wa rika langu wanaojifanya wanakohoa, kwa hiyo heri niwasimulie aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwao, maana wao huongeza chumvi (wapo wanaoapa kwamba nilikuwa uchi kabisa, na huo ni uongo mtupu, nilikuwa na kaptura).

Nilikuwa nimemaliza chuo juzi tu na kupata ukarani Kitale, kwenye ghala la mahindi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwaza jambo mpaka linachacha, nilikaa mezani kutwa nikiwaza kwamba kalamu inaninyausha. Makuli wa ghala walikuwa na mikono kama magogo, yangu ilikuwa kama miwa ya kiangazi. Basi nikaanza kunyanyua vyuma na mawe kila asubuhi. Mvua ikanizuia, malaria ikanizuia, mavuno yakaja tukawa tunatoka kazini giza limeingia, mwenye nyumba naye akalalamika kwamba naangusha mawe kama mzuka, lakini kila nilipokatizwa nilianza tena, mpaka mashati yakaanza kunibana, nami nikaanza kupita mbele ya makuli bila sababu. Siku moja nikataka kuwaonyesha kwamba naweza kuinua gunia mpaka juu ya kichwa. Gunia likapanda kweli, tena vizuri, ila liliposhuka bega la kushoto halikushuka nalo.

Nikarudishwa nyumbani, karibu na Myanga, kwa mzee wa kuunga mifupa. Akalirudisha bega mahali pake huku nikiita majina ya mababu, hata wale nisiowajua, kisha akasema, "Mkono huu usiinue hata kikombe mpaka niseme mimi."

Mama yangu alifurahi waziwazi. "Si umeona? Kama ni kubeba, si kuna maji mtoni? Wewe chuma unakipandisha, unakishusha, kiko pale pale. Hiyo ni kazi gani, bana?"

Ningemsikiliza, lakini kulikuwa na Nafula. Wazee walikuwa wameshakubaliana nimwoe, ng'ombe walikuwa wametajwa, halafu baba yake, Mzee Barasa, akasikia habari za bega langu, akauliza mbele ya watu, "Tunamwoza kwa karani au kwa majeruhi?" Neno hilo liliniingia kama mwiba. Kila asubuhi nikawa naupima mkono wa kushoto kwa kamba, nikauona unapungua (mama alisema inayorefuka ni kamba), nikawaza kwamba nikingoja ruhusa ya mzee wa mifupa nitafika harusini na mkono kama wa panzi, Mzee Barasa auone, achukue binti yake arudi naye nyumbani.

Basi siku ya soko, mama alipotoka, nikaamua jambo dogo tu: niinue mara moja, kupima.

Chuma changu kilikuwa mtaimbo niliouvisha puli mbili kuukuu, yale magurudumu ya chuma ya mashine, moja kila upande, nilizopewa na fundi Mhindi wa kinu cha posho. Nikaweka ubao juu ya vigoda viwili nyuma ya jiko, kati ya migomba miwili iliyo kando ya njia ya sokoni, nikavua shati, nikalala chali. Mara ya kwanza chuma kikapanda bila neno. Hapo ndipo mtu mwenye akili huamka akavaa shati. Mimi nikaongeza ya pili. Bega likalia ka!, mkono wa kushoto ukafa ganzi, mtaimbo ukashuka kifuani, na nilipojaribu kuusukuma pembeni nikakuta puli zimenasa kwenye migomba, moja huku na moja kule, nami katikati kama panya mtegoni.

Nikawaza kwanza (ndivyo nilivyo) kama kupiga kelele kutaharibu jina langu. Nikawaza tena kama kufa kimya kutalitengeneza. Nikapiga kelele.

"Nani huyo analia kwenye migomba?" sauti ya mwanamke ikauliza njiani.

Bungoma nzima ina watu wangapi? Na Mungu akanichagulia mama yake Nafula, akienda sokoni na mdogo wake, vikapu vya mboga kichwani. Wasiojua desturi zetu niwaambie: kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakionana njiani, mmoja huingia kichakani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na mama mkwe kumwona mkwe bila shati ni jambo la kuchinjiwa mbuzi. Nilisikia kikapu kikianguka.

"Uuuwi! Ni mkwe!" Akajifunika leso uso mzima, akanipa mgongo. Mdogo wake naye, ambaye kwa desturi ni mama mkwe vilevile, akageuka. Wakasimama hivyo, migongo miwili, nami pumzi zinakatika.

"Kimbia sokoni uite wanaume," mama Nafula akamwambia mdogo wake, na yule akaondoka mbio huku akipiga mayowe ambayo nadhani yalisikika mpaka Malakisi.

Tukabaki wawili. Akakohoa, akausemesha mgomba uliokuwa mbele yake.

"Wewe mgomba, hebu mwambie huyo mtu aliyelala hapo apumue polepole."

Nikajibu kwa sauti iliyobaki, "Mgomba, mwambie mama siwezi, chuma kinapanda shingoni."

"Mgomba, muulize alikiweka nani hapo."

"Mgomba, mwambie ni mimi mwenyewe."

"Mgomba, muulize: kwa nini?"

Swali hilo chuoni hawakunifundisha kulijibu nikiwa chini ya chuma. Nikasema kweli tupu: "Mwambie naogopa mtu mwenye mkono mmoja atanyimwa Nafula."

Mtaimbo ukateleza tena, nikatoa sauti kama ya mbuzi. Hapo mama Nafula akafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kabla wala baada. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, leso bado usoni, mikono yake ikipapasa nyuma, akaushika mtaimbo akiwa amenipa mgongo, akachuchumaa kidogo, akaunyanyua ukaniachia koo. Akaushikilia hivyo hivyo. (Chuma hicho hicho, ndugu zangu. Nami nilikuwa nimejipima kwa kamba.)

Ndivyo soko la Myanga lilivyotukuta. Walikuja wote, wauza kuku, wanunuzi wa tumbaku, fundi wa kinu na unga kichwani, na mbele yao Mzee Barasa mwenyewe. Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua inayokimbia juu ya mabati. Fundi akazitambua puli zake: "Bwana karani! Mimi nikapa wewe hii ya kuzuia geti!"

Mzee Barasa akainama juu yangu. Hakucheka. "Kijana, sikiza. Leo uchague mbele ya watu. Vyuma hivi, au binti yangu."

Ningeweza kusema "binti yako" nikatolewa. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Lakini nilikuwa nimetonesha bega, nimepoteza heshima, nimeonwa kifua na mama mkwe, nikaona sina tena cha kuogopa.

"Nafula namtaka," nikasema, "na vyuma siachi."

"Basi mwacheni humo humo," mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko upya.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya leso. "Wewe mgomba, mwambie Mzee Barasa aondoe chuma kwanza, hotuba baadaye. Mikono yangu inawaka. Tena mwambie, anayeogopa hivi kumkosa binti yangu si majeruhi. Ni mjinga tu, na ujinga hupona."

Wakakiondoa. Nilichinja mbuzi, mama Nafula akairudisha leso mabegani, desturi ikatulia. Mzee wa mifupa alinifunga upya na kunitukana upya, na safari hii nilingoja mpaka aliposema yeye. Kisha nikaanza na debe lenye mchanga kidogo, kidogo cha kuchekesha watoto, kesho yake tena, na kesho yake tena. Nilimwoa Nafula nikiwa na mikono miwili.

Niliapa, na kiapo hicho nakishika mpaka leo. Sikuapa kuacha, wanaokohoa sokoni na waendelee kukohoa. Niliapa kwamba sitalala tena chini ya chuma peke yangu. Nafula hukaa kwenye kigoda anachambua mboga huku ananitazama. Na kila siku ya soko, sauti husimama njiani, nyuma ya majani, ikauliza:

"Wewe mgomba, yule mtu leo yuko juu ya chuma au chini yake?"

Nami husimama wima, jasho likinitoka, nikajibu, "Mgomba, mwambie mama niko juu."