Siku Tuliyoazima Sofa za Buruburu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kulikana hilo. Hasira ndizo zilizonipa kazi. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikwenda ofisi za jiji kulalamika juu ya mama mmoja aliyekuwa akilala na mwanawe chini ya meza za mboga pale Muthurwa. Nililalamika kwa sauti kubwa hata watu wa ofisi ya pili wakatoka kuangalia kulikoni. Karani akaniambia, "Dada, kama unajua sana, mbona usije kuifanya hii kazi wewe?" Nikamwuliza fomu ziko wapi. Mwezi uliofuata nilikuwa mtumishi wa jiji, wa ngazi ya chini kabisa, nikiwa na koti la mvua nililopewa na chupa ya chai niliyojinunulia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Alfajiri nilitoka Makadara nikifuata Barabara ya Jogoo hadi Muthurwa, mkono mmoja chai, mwingine ndoo ya mandazi, nikiwatafuta waliolala nje kabla wenye vibanda hawajaja kuwafukuza. Nilijifunza upesi kwamba mtu aliyelala nje haulizwi habari za shida yake siku ya kwanza. Siku ya kwanza mnazungumza mpira. Siku ya pili mnaisema serikali kidogo, kwa sauti ya chini. Siku ya tatu, akikuomba sukari zaidi, hapo ndipo unaweza kumwuliza kwao ni wapi.

Waliokubali niliwaleta kwenye makao yetu. Yalikuwa ghala kuukuu la jiji, nyuma ya nyumba za mtaa wetu, lenye sakafu ya saruji, vitanda vya chuma na paa lililovuja pembe moja tu. Aliyeyatawala ni matroni, mjane wa kutoka Murang'a, mama wa kanisa, kilemba cheupe kichwani na ulimi usio na breki. Tulipendana tangu siku ya kwanza kwa sababu tuligombana tangu siku ya kwanza. Alikuwa na sheria moja juu ya nyingine zote: mtu asiguse ukuta, kwani ukuta ni wa jiji.

Kati ya watu wetu alikuwamo mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee wa Reli, maana hakujitambulisha kwa neno jingine. Alikuwa fundi wa mabehewa miaka yote ya nguvu zake, akikaa kwenye nyumba za reli palepale Muthurwa. Nyumba zile huendana na kazi. Kazi ilipokwisha, nyumba nayo ikaisha. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wametawanyika, na shamba la kwao magharibi lilikuwa limeliwa na ndugu. Akaona haya kurudi mikono mitupu. Basi akalala nje ya ukuta wa zile nyumba alimokuwa amelelea watoto wake, na kila asubuhi alifunga tai.

Huyo alinichukua majuma matatu. Chai yangu aliikataa mpaka nilipomruhusu anitengenezee mshikio wa ndoo uliokuwa umelegea. Siku aliyokubali kuja nami alisimama mlangoni mwa ghala akaniuliza, "Binti yangu, hapa ni kwa siku ngapi?"

"Baba, hutalala nje tena," nikamwambia.

Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Jiji lilikuwa limetupa fedha za mwaka mmoja tu, za majaribio. Lakini neno likitoka limetoka, na yeye alilipokea kwa kutikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea ufunguo.

Mwaka ulipokaribia kwisha, barua ikaja. Kamati ya madiwani itatutembelea Jumamosi, saa nne asubuhi, ijionee kabla ya kuamua kama fedha zitaendelea au makao yafungwe. Nikamsomea matroni. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Wageni wakubwa watakaa wapi?" akauliza.

Hapo ndipo tulipopotea, na tulipotea kwa furaha. Mtu mwenye akili angewaacha wale madiwani waje waone sakafu na paa linalovuja. Sisi tulilelewa kwingine. Mgeni akija, unafagia hata njia ya jirani. Akikuta huna kiti, unaazima, na huazimi kigoda, unaazima kiti kizuri kuliko vyote mtaani. Bibi yangu alikuwa akisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini bibi yangu mwenyewe hakupokea mgeni hata mara moja kwa vikombe vyake.

Nikaenda Buruburu. Siku hizo nyumba za Buruburu zilikuwa mpya na wenyewe walikuwa wapya zaidi. Walitembea kana kwamba rangi ya ukuta haijakauka na wasingependa kuigusa. Mama mmoja, mke wa karani mkuu wa wizara fulani, tuliimba naye kwaya moja. Nilipomweleza, aliitazama sofaseti yake ya kahawia, akanitazama mimi, akaguna.

"Chukua. Lakini saa nane iwe imerudi. Dada yangu anachumbiwa, na wakwe wanafika saa tisa."

"Saa sita itakuwa hapa," nikaapa.

Maneno yana miguu. Kufika Ijumaa jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia. Huyu akaleta kabati la vioo, yule mapazia ya maua. Mwalimu mmoja alileta redio kubwa kama jeneza la mtoto, Mungu anisamehe. Vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono vilikuja vingi hata tukafunika debe la maji. Kisha wakaanza kuwaazimisha watu wetu nguo. Mzee wa Reli alipata koti la suti la mume wa yule mama wa Buruburu. Lilimkaa vizuri, nami nilijisifu kana kwamba nimelishona.

Jumamosi saa nne tulikuwa tumejipanga. Saa tano tulikuwa tumejipanga. Saa sita kuku alikuwa ameanza kupoa na matroni alikuwa anawaita madiwani majina ambayo hayafundishwi kanisani. Walifika saa nane kasorobo, watano, wamechoka, wakiongozwa na mwenyekiti mnene mwenye uso wa ukarimu.

Waliingia, wakasimama. Mwenyekiti aliyatazama mapazia. Akagusa kitambaa. Akaketi kwenye sofa kubwa, ikampokea kwa pumzi ndefu, naye akafumba macho kidogo. Tukawalisha chapati, kuku na wali wa nazi uliopikwa na jirani wa kutoka pwani. Watu wetu walikaa wima katika nguo zao, wakipokezana sahani kwa adabu. Nilijivuna mpaka kifua kikauma.

Mwenyekiti akajipangusa mdomo. "Niseme ukweli," akasema, "nimefurahi. Sijaona mahali jiji limefanikiwa hivi. Watu hawa wamesimama. Mimi mwenyewe nyumbani sina sofa kama hii." Wenzake wakacheka. "Kwa hiyo nadhani kamati itakubaliana nami. Fedha za mwaka ujao tuzipeleke kwa wenye shida."

Sikio langu lilisikia, moyo ukachelewa. Kisha ukafika. Nilimtazama Mzee wa Reli na nikaona kwamba yeye alikuwa ameelewa kabla yangu. Alikuwa ananitazama pia, bila lawama, na hilo ndilo lililonichoma.

Nilifungua mdomo niseme kwamba vitu si vyetu. Ukakataa kusema. Utamwambiaje mgeni, kuku wako akiwa bado kwenye meno yake, kwamba kila alichokalia ni cha uongo? Nilimgeukia matroni; naye, mwanamke asiyeogopa hata askofu, alikuwa anapanga vijiko.

Ndipo tukasikia mkokoteni nje.

Mama wa Buruburu aliingia na vijana wawili wa kuusukuma. Alikuwa amevaa kwa ajili ya wakwe, viatu virefu, na jasho limeharibu poda. Akamwona mwenyekiti kwenye sofa yake, na adabu ikamshika koo. Hakuna mwanamke wa mitaa yetu ya Eastlands anayeweza kumwinua mgeni kwenye kiti. Akasalimu. Akasimama karibu na mkono wa sofa, akaanza kuupapasa polepole kama anayembembeleza ng'ombe atoke zizini.

"Karibu mama, keti," mwenyekiti akamwambia, akimsogezea nafasi kwenye sofa yake mwenyewe.

"Asante, nimeshiba," akajibu mama wa watu.

Kijana mmoja wa mkokoteni hakuwa na wakati wa mambo hayo. "Siste," akaniita kutoka mlangoni, "niaje sasa? Tunabeba ama hatubebi? Huyu mathe ametuambia wageni wake wako njiani."

"Kubeba nini?" mwenyekiti akauliza.

Matroni aliangusha kijiko. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilifikiria kukimbia.

Mzee wa Reli akainuka. Alilivua koti polepole, akalikunja vizuri mkononi, akampelekea mama wa Buruburu kwa mikono miwili.

"Mwambie bwana nimeshukuru," akasema. Kisha akawageukia madiwani. "Waheshimiwa, nawaomba msimame. Mmekalia kiti cha mama huyu, na wageni wake wako njiani. Hapa hakuna chetu isipokuwa vitanda na chai. Sisi tulitaka tu mkae vizuri. Mficha uchi hazai, nami nimeshakuwa mzee. Sina haja ya kuficha tena. Mimi, hapa pakifungwa, nitarudi pale ukutani Muthurwa. Napajua, si mbali."

Mwenyekiti akasimama, akaitazama ile sofa kama mtu aliyejikuta ameketi kwenye mapaja ya mkwewe, na akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, hata akalazimika kulishika kabati. "Na hili?" akauliza.

"La jirani wa mkono wa kulia," nikasema.

"Na redio?"

"Ya mwalimu."

"Kuku?"

"Kuku ni wangu!" matroni akafoka. "Na wewe kwenu mgeni akija mnamwonyesha pasipopigwa fagio?"

Hata diwani aliyekuwa anasinzia alicheka. Mambo yakavunjika pale. Mwenyekiti alivua koti lake mwenyewe, akashika upande mmoja wa sofa, Mzee wa Reli upande wa pili, na vijana wa mkokoteni wakiwapigia wazee hao kelele, "Inua, buda! Kona, kona!" Majirani waliposikia kelele nao wakaja kuchukua vyao wakidhani muda umefika. Yakaondoka mapazia, ikaondoka redio, vikaondoka vitambaa. Mwanamke mmoja alichukua gauni lake kutoka kwa mkazi wetu nyuma ya shuka, wote wawili wakicheka hata wakashindwa kufungua zipu. Mama wa Buruburu alipanda juu ya mkokoteni pamoja na sofa zake kwa sababu ya vile viatu, akapunga mkono, akaenda zake kama bibi harusi.

Walipokwisha, ghala lilirudi kuwa ghala. Madiwani wakamalizia chapati wakiwa wameketi vitandani, sahani magotini, na sasa ndipo waliuliza maswali. Waliuliza juu ya paa. Waliuliza nani analala wapi na alitoka wapi. Mwenyekiti alikaa na Mzee wa Reli muda mrefu, wakizungumza habari za mabehewa, maana baba yake naye aliwahi kuwa mtu wa reli. Alipoaga alinishika mkono. "Mmenidanganya," akasema, "lakini mtaa unaowaazimisha watu wasio na kwao sofa zake, huo siwezi kuufungia mlango. Nitasema hivyo kwenye kikao."

Kusema ni kusema, na kikao ni kikao. Tulingoja majuma sita. Sikuweza kumtazama Mzee wa Reli usoni, na chai yangu ya alfajiri niliimimina bila kumwalika mtu, maana ningewaalikaje wengine mahali ambapo huenda pangefungwa?

Barua ilikuja Jumatano mchana. Niliifungulia mlangoni. Jiji litaendelea kutoa fedha, na si za majaribio tena. Makao yaliingizwa kwenye bajeti ya kila mwaka, pamoja na mabati mapya na mtu wa pili wa kutembea nami asubuhi. Niliisoma kwa sauti ile ile iliyoniajiri. Matroni akapiga vigelegele, majirani wakajibu kutoka nyumba tatu, mtu akaanza wimbo, na watu wetu wakacheza kwenye ile sakafu ya saruji na viatu vyao vilivyotoboka.

Mzee wa Reli hakucheza. Aliniomba nisome tena palipoandikwa "kila mwaka". Nikasoma. Akaenda kitandani kwake, akavuta begi lake la turubai kutoka chini. Mwaka mzima alikuwa ameishi nasi, akitoa shati asubuhi na kulirudisha jioni, na begi lile halikukaa hata siku moja bila kufungwa kamba, tayari kwa safari. Sasa alifungua kamba, akaizungusha mkononi, akaitupa. Akatoa shati la pili, picha ya mkewe, tai tatu. Akasimama nazo akiutazama ukuta, kisha akamgeukia matroni.

"Mama," akasema, "una msumari?"

Nililia, wala sikuona haya. Matroni akaufikiria ule ukuta wa jiji. Akaingia jikoni, tukamsikia akipekua madebe, akatoka na misumari miwili na jiwe la kugongea.